Moto haufiki kwenye kiini: niliyojifunza nikifundisha unururifu Lubumbashi

Mwanafunzi wa Lubumbashi huja darasani akijua mengi ya kemia kabla hajaambiwa kwamba hiyo ni kemia. Anajua malakiti ni ya kijani na ndani yake mna shaba. Ameona malori yaliyosheheni mabamba ya shaba yakielekea mpakani Kasumbalesa. Nyumbani kwake kuna baba, mjomba au kaka aliyewahi kuchimba, kuosha au kubeba mawe. Asidi, tanuru na moshi wa kiwanda si habari za kitabuni kwake. Ujuzi huo hunisaidia sana tunaposoma oksidi na chumvi, halafu hunigeuka siku tunapofika kwenye unururifu, yaani viini vya atomu kuvunjika vyenyewe na kutoa mionzi. Kila walichokiona mjini kimewafundisha kwamba jiwe lolote, ukilichoma vya kutosha au ukilitia asidi kali vya kutosha, litaacha tabia yake ya kwanza. Kwenye unururifu ndipo somo hilo linapogoma.

Nawaandikia wale wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali, na walimu wenzangu wanaofundisha bila maabara. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoutumia siku hizi, ambao sio wa kitabu.

Naanza na mbabula, jiko letu la makaa. Mafundi wanaochonga malakiti, wale wanaouza mikufu na vinyago vya kijani, hubakiwa na unga chini ya meza zao, nami huomba kiganja kimoja. Tunauweka kwenye kijiko kikuukuu cha chuma juu ya makaa, nje, chini ya mti. Unga huanza kubadilika pembeni, pale chuma kinapopata moto kwanza. Kijani kinafifia, kinakuwa kama majani makavu, halafu weusi unatambaa kuelekea katikati mpaka kijiko kizima kinakuwa cheusi. Ukishika kipande cha kioo baridi juu yake mapema, kinashika ukungu wa maji. Hewa ya ukaa nayo inatoka, ila hiyo haionekani. Kilichobaki ni oksidi ya shaba. Baadaye tunauchanganya unga ule mweusi na makaa yaliyotwangwa, tunautia kwenye kopo lenye kifuniko, tunalizika kopo ndani ya moto na kupuliza kwa bidii. Kopo likipoa, ukitafuta vizuri, unapata chembe nyekundu za shaba.

Hapo nauliza: shaba iliyokuwa ndani ya unga wa kijani ilikuwa na protoni ngapi? Wanaangalia jedwali, wanasema 29. Ile ya unga mweusi? 29. Na chembe hizi nyekundu? Wapo wanaosita, maana macho yao yameona vitu vitatu tofauti kabisa. Jibu ni 29 mara zote tatu, nami naliandika ubaoni mara tatu. Rangi imegeuka mara mbili, maji yametoka, gesi imetoka, metali imezaliwa, na kiini cha shaba hakikuguswa hata mara moja. Yote tuliyoyaona ni kazi ya elektroni za nje: nani kampa nani, nani anashirikiana na nani.

Muundo wa atomu, baada ya hapo, huingia haraka. Katikati pana kiini, chenye protoni zilizo na chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji. Elektroni zenye chaji hasi ziko nje. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi: 27 ni kobalti, 29 ni shaba, 82 ni risasi, 92 ni uraniamu. Ukibadilisha idadi ya nyutroni, jina linabaki lilelile na unapata isotopu nyingine. Shaba yetu ya Katanga, kama shaba ya dunia nzima, ni mchanganyiko wa isotopu mbili: shaba 63 yenye nyutroni 34, takriban asilimia 69, na shaba 65 yenye nyutroni 36, takriban asilimia 31. Ndiyo maana kwenye jedwali mnakuta 63.55, namba ambayo hakuna atomu hata moja ya shaba inayokuwa nayo.

Kuhusu ukubwa, nawaambia wafikirie uwanja wa Kibassa Maliba na majukwaa yake yote kuwa ndiyo atomu ya shaba. Kiini chake kingekuwa punje moja ya mahindi katikati ya uwanja, na punje hiyo ingebeba karibu uzito wote. Ernest Rutherford ndiye aliyetangaza mwaka 1911 kwamba atomu imejengwa hivyo. Miaka miwili kabla, Geiger na Marsden walikuwa wakirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba za metali. Nyingi zilipita kana kwamba hakuna kitu, na chache sana zilirudi nyuma. Wanafunzi hupenda kujua kwamba chembe zile zilitoka kwenye vitu vinururifu vinavyotokana na radiamu. Kiini kiligunduliwa kwa kutumia vipande vya viini vingine vilivyokuwa vikivunjika. Nyutroni ilisubiri hadi 1932, James Chadwick alipoithibitisha.

Sasa niseme kwa nini moto haufiki. Kuunganisha au kutenganisha atomu kwa njia ya kemia kunahitaji elektronivolti chache kwa kila atomu (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, na joto hilo hutikisa atomu nzima nzima bila kugusa kilicho ndani kabisa. Kiini cha uraniamu 238 kinapotoa chembe ya alfa, nishati inayotoka ni elektronivolti zaidi ya milioni 4. Kati ya chache na milioni, hakuna mbabula wala tanuru ya kiwanda itakayoziba pengo hilo.

Jambo hili lilikoma kuwa la darasani tu siku mzazi mmoja aliponijia shuleni. Zamani alichimba upande wa Shinkolobwe, mgodi wa uraniamu karibu na Likasi, na alikuwa na jiwe nyumbani, zito kuliko linavyoonekana, lenye madoa ya manjano na kijani. Kijana wake alikuwa amemsimulia somo letu.

“Mwalimu, hii jiwe banasema eko na sumu,” akasema. “Tukiipika mu moto mukali, ile sumu haitatoka?”

“Apana, papa. Moto haifike kule ile sumu inatokea. Na ukiipika, njo utaingiza vumbi yake mu nyumba, batoto bataivuta.”

Lilikuwa swali la mtu makini. Yeye ameona maishani mwake mawe yakichomwa na kuachia kilichomo. Nikamtafuta jamaa mwenye kihesabu cha mionzi, kile kidude kinacholia tik, tik. Tuliliweka jiwe juu ya tofali uani, wanafunzi wakasimama mbali. Kidude kikiwa karibu, milio ilifuatana hata usiweze kuihesabu. Akarudi nyuma hatua mbili, ikapungua sana. Akasogea tena, akaweka karatasi ya daftari katikati: ikapungua kidogo. Akaweka kifuniko cha sufuria cha aluminiamu: ikapungua zaidi, lakini haikuisha. Kwa dakika zile chache wanafunzi wakawa wameona aina tatu za mionzi bila mimi kuchora kitu.

Chembe ya alfa ni protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikamana, yaani kiini cha heliamu. Ni nzito, ina chaji mbili, hugongana na kila kitu njiani, na karatasi huizuia. Kiini kilichoitoa hupungukiwa na 2 kwenye namba ya atomiki (idadi ya protoni) na 4 kwenye namba ya masi (protoni na nyutroni kwa jumla). Chembe ya beta ni elektroni, na hapa wengi huteleza: haitoki kwenye elektroni za nje. Inazaliwa ndani ya kiini pale nyutroni moja inapogeuka protoni, ndiyo maana namba ya atomiki hupanda kwa 1 na ile ya masi hubaki ilivyo. Inapenya karatasi, na kifuniko cha sufuria huzuia baadhi tu, kwa kuwa beta nyingine zina nguvu zaidi. Gama ni mwanga wenye nishati kubwa mno. Kiini kinapoitoa hakibadilishi jina, kinatulia tu, nayo hupita kwenye kifuniko kama vile hakipo.

Mtu akisikia karatasi inazuia alfa, hudhani alfa ndiyo nyepesi kwa afya. Nje ya mwili ni kweli, ngozi inatosha kuizuia. Ikiwa ndani ya pafu hali inageuka, kwa sababu nishati yake yote inamwagwa kwenye chembe hai chache zilizo jirani. Na jiwe la uraniamu lina njia ya kuingia pafuni hata usipoligusa. Miongoni mwa vitu vinavyozaliwa ndani yake imo radoni, ambayo ni gesi. Ukilisaga jiwe au ukilichoma unaipa radoni njia ya kutoka. Ikiwa hewani inavunjika na kuzaa poloniamu, inayonata kwenye vumbi, na vumbi tunalivuta. Radoni inajulikana duniani kote kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Kwa hiyo jibu langu kwa yule papa halikuwa tu kwamba moto hausaidii. Moto ungemzidishia hatari. Jiwe liliondoka siku hiyohiyo ndani ya kopo la chuma pamoja na mwenye kidude, na sote tuliokuwa uani tukanawa mikono.

Wanafunzi huniuliza kama asidi nayo haiwezi. Asidi inayeyusha uraniamu vizuri sana, na ndivyo inavyotenganishwa na mawe mengine. Lakini ukishaitenga, uraniamu iliyo kwenye maji ya asidi inaendelea kuvunjika kwa kasi ileile, na radiamu iliyobaki kwenye takataka inaendelea kwa kasi yake. Kemia inaweza kuihamisha sumu hii kutoka ndoo moja hadi nyingine. Kuimaliza haiwezi. Hili ningependa kila kijana anayeosha mawe mtoni alijue, kwa sababu watu walirudi Shinkolobwe kutafuta kobalti na shaba, siyo uraniamu, na uraniamu ikawafuata kwa kuwa mawe yale yamechanganyikana. Amri ya rais ilifunga uchimbaji huo Januari 2004, na Julai mwaka huohuo mgodi ukaporomoka na kuua watu.

Historia ya mgodi huo ni sehemu ya somo, sikubali kuiruka. Uligunduliwa 1915. Kuanzia 1922 mawe yake yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na kampuni ya madini ya Union Minière ikaitoa radiamu kutoka humo kwa ajili ya hospitali na maabara. Uraniamu yenyewe wakati huo haikuwa na thamani kubwa. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe New York, na baadaye uraniamu ya Katanga ikawa sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza. Madini kadhaa yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mawe ya huko yana majina ya watu walio kwenye vitabu vyetu: becquerelite, kwa Henri Becquerel aliyegundua unururifu 1896, curite, kwa Pierre Curie, sklodowskite, kwa jina la ukoo alilozaliwa nalo Marie Curie, ambaye 1898 yeye na mumewe walitangaza poloniamu na radiamu. Nikisema hivi darasani, hao wazungu wa kitabuni wanasogea karibu ghafla. Majina yao yako kwenye mawe ya kwetu.

Kwa nini walihitaji mawe mengi hivyo kupata radiamu kidogo? Jibu liko kwenye nusu uhai, yaani muda unaochukua nusu ya viini kuvunjika, sehemu ninayoitumia muda mrefu kuliko zote.

Kila deski linakata vipande 100 vya mraba kutoka kwenye maboksi ya sabuni, kila kimoja kinatiwa nukta ya wino upande mmoja. Wanavitikisa kwenye beseni na kuvimwaga mezani. Vilivyoonyesha nukta vimevunjika, vinaondolewa. Vilivyobaki vinarudi kwenye beseni. Deski moja linabaki na 46, jingine 55, na kelele zinaanza kwamba fulani ameiba. Lakini tukijumlisha deski zote ubaoni, tunakaribia sana nusu. Mara ya pili, robo. Mara ya tatu, thumni. Mstari wanaochora unashuka kwa kasi, halafu unajilaza polepole bila kugusa chini. Wale waliokuwa wakisema kwamba nusu ikiisha kwa siku 4 basi yote itaisha kwa siku 8 wanajisahihisha wenyewe, wakiangalia meza.

Kisha hubaki kipande kimoja kinachokataa. Wenzake wote wameondoka, chenyewe kinatikiswa tena na tena na nukta haitokei. Mwaka mmoja msichana alikishika juu akauliza, “Prof, na hii moja ya kubakia, itaanguka wakati gani?” Darasa zima likaanza kubahatisha. Wengi waliona kwamba kwa kuwa kimechelewa, zamu yake imekaribia. La. Uwezekano wake mara inayofuata ni nusu, sawasawa na ulivyokuwa mara ya kwanza. Hakina kumbukumbu. Kiini cha uraniamu kilichokaa tangu dunia ilipoumbwa hakijachoka hata kidogo kuliko siku ile. Hakizeeki. Siku moja kinavunjika, na hakuna kitu kilichotangulia kuionyesha siku hiyo. Nusu uhai ni habari ya umati, wala haikuambii lolote kuhusu kiini hiki au kile.

Na umati wenyewe ni mkubwa ajabu. Gramu 1 ya uraniamu 238 ina atomu kama 2.5 × 10²¹. Kila sekunde takriban 12,400 zinavunjika, na hata hivyo itachukua miaka bilioni 4.47 ibaki nusu. Huo ni karibu umri wa dunia. Ndugu yake uraniamu 235 ana nusu uhai wa miaka milioni 704, kwa hiyo ameshapungukiwa na nusu zaidi ya mara sita tangu dunia ianze, na leo katika uraniamu ya kawaida amebaki asilimia 0.72 tu.

Turudi kwa radiamu. Uraniamu 238 haifiki kwenye risasi kwa hatua moja. Inapita thoriamu, protaktiniamu, uraniamu 234, thoriamu tena, radiamu 226, radoni 222, na kadhalika hadi risasi 206, ambayo haivunjiki. Ndani ya jiwe la kale, radiamu inazaliwa kwa kasi ileile inayovunjika nayo. Nusu uhai wake ni miaka 1600, mfupi mno ukilinganisha na wa uraniamu, kwa hiyo haipati nafasi ya kurundikana. Gawanya 1600 kwa bilioni 4.47, rekebisha kwa uzito, 226 kwa 238, na unapata kwamba tani 1 ya uraniamu hubeba takriban gramu 0.34 za radiamu. Theluthi ya gramu. Wanafunzi wanapoifikia namba hii kwa mikono yao, ndipo wanapoelewa treni na meli zilizobeba mawe hadi Ubelgiji.

Msururu huohuo ndio ninaoutolea swali ninalolipenda: kutoka uraniamu 238 hadi risasi 206, zimetoka alfa ngapi na beta ngapi? Anza na masi, kwa kuwa beta haiigusi. 238 kutoa 206 ni 32, gawanya kwa 4, alfa 8. Alfa 8 zinapunguza protoni 16, 92 inakuwa 76. Lakini risasi ni 82, kwa hiyo beta 6 zimepandisha zile 6 zinazokosekana. Anayeanza na namba ya atomiki hupotea njiani, nimeliona mara nyingi mno.

Nigusie kobalti, kwa sababu ya maneno ya mitaani. Wengi wamesikia kwamba hospitali hutibu saratani kwa mionzi ya kobalti, wakahitimisha kwamba kobalti yote ya Kolwezi na Likasi inatoa mionzi. Kobalti ya ardhini ni isotopu moja tu, kobalti 59, na haivunjiki kabisa. Ile ya hospitali ni kobalti 60, yenye nusu uhai wa miaka 5.27, na hutengenezwa kwa kuweka kobalti 59 ndani ya mtambo wa nyuklia ili imeze nyutroni moja. Inatoa beta na gama na kugeuka nikeli 60. Ukikuta jiwe la kobalti linaliza kihesabu, tafuta uraniamu ndani yake.

Mwisho wa muhula tunakwenda kwenye swali la kaboni 14. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia walianza kuchimbua makaburi ya kale mwaka 1957, na mengine yalikuwa na misalaba ya shaba, ile ile ambayo watoto wa hapa wanaijua kwa sura. Kaboni 14 ina nusu uhai wa miaka 5730. Mmea ulio hai huipata mpya kila siku kutoka hewani. Ukikatwa, inabaki kupungua tu. Naliuliza darasa: makaa ya miaka 1000 yamebakiza kiasi gani? Walio wavivu husema karibu nusu. Wanaopiga hesabu wanapata asilimia 88.6, na hapo wanaona ni kwa nini upimaji lazima uwe wa uangalifu mkubwa, maana miaka 1000 nzima imeondoa kama asilimia 11 tu. Kila mwaka yupo anayeuliza kwa nini wasipime msalaba wenyewe. Swali hilo hulirudia darasa lote, nami sijibu mpaka mmoja wao afungue ukurasa wa kwanza wa daftari, kwenye 63 na 65, aseme kwamba shaba hizo mbili hazivunjiki, hivyo hakuna cha kuhesabu ndani yake.